Aliyetoka Kwenye Kundi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nayo imenikuta nimesimama ghalani, nimeegemea rafu, nikitazama video ya mtu nisiyemjua akipanga viatu vyake. Nilikuwa nimekwenda huko kuchukua karatasi ya kunyonya maji, kazi ya kwenda na kurudi. Mezani, katika chumba chetu cha ukarabati wa vitabu hapa maktaba, nilikuwa nimeacha ukurasa umepakwa gundi ya unga. Gundi ya unga haimngoji mtu. Niliporudi ukurasa ulikuwa umekauka na kujikunja kama jani juani, na msimamizi wetu, mwanamke anayeweza kukukaripia bila kufungua kinywa, alikuwa amesimama kando yake.

Leo alikifungua. "Ulikuwa wapi?"

"Ghalani."

"Ghala lile lina mlango mmoja, dada. Ulipotelea kona gani?"

Sikumbuki nikipotea. Nakumbuka viatu tu.

Ukurasa utaokolewa kesho kwa mvuke. Mimi sijui nitaokolewa kwa nini. Jioni nimenunua daftari hili na saa ya mezani yenye kengele: saa iniamshe badala ya simu, na daftari linisikilize. Nilisomea chuo kikuu namna ya kuyatunza maandishi ya watu waliokufa, na tangu nihitimu sijaandika neno langu mwenyewe lililozidi mstari mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiwekea masharti. Kazini simu itakaa ndani ya mtoto wa meza. Nyumbani italala jikoni, kama mgeni asiyeaminika. Nimefuta zile programu za picha na za video fupi. Zilifutika kwa urahisi ulionitia mashaka, kama mpangaji mkorofi anayeondoka bila kelele na wewe unajiuliza amebeba nini.

Mpokezi wetu alinikuta nikila chakula cha mchana huku nikitazama ukuta.

"Dada, umefiwa?"

"Hapana. Napunguza simu."

"Yaani umeingia utawa! Basi niombee na mimi, maana yangu nalala nayo kama mume."

Tulicheka sana. Kisha yeye akaitoa yake, akainama, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Jumapili, 9 Machi

Leo ilikuwa zamu ya makundi. Nimetoka katika kundi la niliosoma nao, ambalo limegeuka uwanja wa matangazo ya viwanja. Nimetoka katika kundi la wapangaji wa jengo hili, ambamo kila mtu hulalamikia maji na hakuna anayemjua jirani yake kwa sura. Mwisho likabaki kundi la familia.

Hapo nilisita. Baba yumo, na mdogo wangu wa kiume, na Shangazi, na binamu ambao wengine nimewasahau nyuso. Lakini nilijiuliza bila kujionea huruma: tunaambiana nini humo? Baba, mpima ardhi mstaafu, hutuma kila asubuhi picha ya maua yenye maneno ya kututakia siku njema, nasi humjibu kwa kidole gumba. Anaishi katika mji ule ule tuliokulia, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Tangu Mama afariki, miaka miwili iliyopita, mimi na yeye tunajuliana hali kwa maua na vidole.

Sharti langu lilikuwa nisisome chochote kabla ya kutoka, kwa sababu nikisoma nitajibu, na nikijibu nitabaki. Niliona alama ya ujumbe mpya. Sikuufungua. Nilibonyeza pa kutokea, nikathibitisha, nikatoka. Sikuaga pia. Niliona kuaga ni kujikweza, kama mtu anayesimama katikati ya karamu na kutangaza kwamba anakwenda kulala.

Nimehisi wepesi. Au labda ni utupu. Mwanzoni vyote viwili huwa na uzito mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Gundi haikauki. Simu imekaa kimya siku nzima.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu alinipigia nikiwa bafuni, nikampigia baadaye. Yeye ni wakala wa bima katika mji mwingine, na kwa kawaida hunipigia akiwa na shida.

"Dada, nimeona ulichofanya," alisema kabla hata ya salamu. "Umefanya vema. Mimi nilikuwa nasuasua, ulipotoka tu na mimi nikatoka."

"Na wewe umetoka?"

"Saa ile ile. Tungekaa humo tufanye nini? Tupige vigelegele?"

Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia siku za kwanza ni ngumu, mkono unapapasa hovyo, lakini baada ya juma moja moyo hutulia.

"Wangu hautulii leo wala kesho. Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukiongoza, nafuata."

Niliona maneno hayo ni mazito mno kwa jambo la simu, ila mdogo wangu tangu utotoni hujigonga kidole akalia kama aliyevunjika mguu. Nimelala nikijisikia mtu mwenye mfano wa kuigwa. Nayaandika haya nikijua kwamba ni majivuno.

Jumamosi, 22 Machi

Nimegundua kwamba nyumba yangu ina sauti. Friji huguna. Jirani wa upande wa jikoni hukohoa kabla ya kucheka. Nimesoma riwaya nzima, jambo nililoliacha zamani, na nilipofunga jalada nikatafuta mtu wa kumsimulia. Nikawapitia wote kichwani, mmoja mmoja, kama anayekagua meno. Sikupata hata mmoja ambaye asingeshangaa kuniona nampigia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Ukungu umeonekana kwenye rafu za chini. Tunafungua vitabu na kuvisimamisha wazi mbele ya feni, kurasa zikipepea. Msimamizi amesema kazi yangu siku hizi ni safi. Nimemshukuru, na nimekwenda msalani nikakaa kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Niseme ukweli, maana daftari halimwambii mtu. Nilipotoka kwenye yale makundi nilikuwa na azma nyingine niliyoificha chini ya ile ya afya: nilitaka kuona nani atanitafuta. Majuma matatu yamepita. Mdogo wangu alipiga mara moja. Zaidi yake, hakuna. Shangazi, ambaye zamani hakupitisha juma bila kunitumia dawa ya kikohozi iliyoandikwa na mtu asiyejulikana, kimya. Baba, kimya.

Leo mchana nilishindwa na kiburi changu, nikampigia Baba. Iliita mpaka ikakatika. Nikangoja. Nilikuwa na hakika atapiga baada ya chakula, kisha baada ya kupumzika, kisha baada ya mvua kukatika. Mvua ilikatika. Hakupiga.

Basi nimefikia hitimisho, ingawa siliamini sawasawa: sikuwa binti kwake, nilikuwa kidole gumba kimoja miongoni mwa vingi, na kilipokosekana maua yaliendelea kuchanua. Hitimisho hili lina kasoro. Lina utulivu mwingi mno. Mambo ya kweli kuhusu Baba hayajawahi kunijia yakiwa yametulia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Saa za asubuhi nilikuwa nikishona mgongo wa kamusi kuukuu. Mpokezi akanipigia simu ya ndani: "Dada, kuna mama hapa amelowa kama kifaranga, anasema haondoki mpaka akuone. Kanikalisha mimi kwenye kiti cha wageni, yeye kakalia changu."

Alikuwa Shangazi, dada yake Baba. Maji yalikuwa yakimchuruzika hadi sakafuni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Usinilainishe kwa shikamoo. Nimekuja na miguu yangu, maana simu yako siku hizi ni pambo. Una nini na baba yako?"

"Sina kitu na Baba."

"Huna kitu! Mtu asiye na kitu huinuka akatoka baba yake akiwa bado anazungumza?"

Sikumwelewa. Akatoa simu yake kutoka kifuani, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio, akasogeza-sogeza kwa kidole, kisha akaniwekea mbele ya uso. Lilikuwa kundi la familia, Jumapili ile ya tarehe tisa Machi. Ujumbe ulikuwa wa Baba, umeandikwa kwa nukta nyingi kama alivyozoea kuandika ripoti za mipaka:

"Wanangu na ndugu zangu. Nimefikiri kwa muda mrefu. Nimempata mwenzangu. Ni fundi cherehani wa hapa mtaani, mjane. Nataka kumuoa. Naomba maoni yenu. Nitasikiliza kila mmoja, lakini nianze na binti yangu mkubwa."

Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, yalikuwa maneno ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote: "Mtoto wa Kaka ametoka."

Hivyo ndivyo Shangazi alivyoniweka kwenye simu yake. Na chini yangu: "Kijana wa Kaka ametoka." Na chini ya hapo hapakuwa na maua tena.

"Baba yako akaniambia, dada yangu, kimya kina mshindo mkuu. Nikamwambia, kaka, huu si mshindo, hili ni bomu."

"Shangazi, sikusoma."

"Hukusoma nini?"

"Hicho. Sikukisoma. Nilikuwa napunguza simu."

 Mpokezi, aliyekuwa akijifanya kupanga kalamu, aliacha kupanga.

"Unapunguza simu," Shangazi alirudia, kama anayeonja mboga iliyochacha. "Wenzio wanapunguza uzito, wewe unapunguza ndugu."

Nikamwuliza kwa nini hawakunipigia. Akasema Baba alimkataza, akisema: ukimpigia, atakuambia kwa mdomo kile alichokwisha kukuambia kwa kidole. Shangazi mwenyewe aliona asubiri hasira zangu zipoe. "Na hasira zenyewe kumbe hazipo! Tumekaa mwezi mzima tunapepea jiko lisilo na moto."

Kisha akanieleza habari za yule fundi. Baada ya Mama kufariki Baba alikonda, suruali zikawa zinamvuka. Akazipeleka kwa fundi zipunguzwe. Baada ya miezi michache akarudi zipunguzwe tena. Mara ya tatu fundi akamsukumia suruali zake juu ya meza na kumwambia: "Mzee, mimi nimechoka kupunguza. Nenda ukale." Alipomwona hajaondoka, akampakulia chakula chake mwenyewe.

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa hakuna. Yule mama ana heshima zake. Alipoambiwa, alisema haingii nyumba ambayo binti mkubwa ameipa mgongo. Amejiondoa. Na baba yako amerudi kula anavyokula yeye, yaani hali."

Msimamizi alinipa ruhusa kuanzia kesho mchana bila kuniuliza sababu. Nadhani aliiona usoni, au mpokezi alikwisha kuisambaza.

Ijumaa, 11 Aprili

Kesho nakwenda kwa Baba. Nimefunga begi dogo.

Nimempigia mdogo wangu, nikamweleza. Nilitarajia tucheke.

"Yaani ulitoka kwa ajili ya afya?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Dada, mimi nilitoka kwa ajili ya Mama. Nilimwandikia Baba mambo makali, pembeni. Nikamwambia na Dada ana msimamo huo huo, ndiyo maana katoka. Sasa unaniambia ulikuwa unapunguza simu? Nirudi kwa uso gani?"

"Urudi kwa uso wako."

"Huo ndio nilioutumia kumtukana."

Akakata.

Tangu jana najiandalia utetezi: sikujua, sikusoma, ni bahati mbaya. Kila neno ni la kweli. Lakini Shangazi alipokuwa bado amenishikia simu mbele ya uso, kabla ya aibu na kabla ya huruma, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Nilikiona. Kilifurahi kwamba kiti cha Mama bado ki wazi. Je, kama ningeusoma ule ujumbe, nisingetoka? Nimejiuliza hivyo jioni nzima, na kila jibu ninalolipata linanijia haraka mno.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba alinifungulia lango mwenyewe. Amepungua. Mkanda umeikunja suruali kiunoni kama mdomo wa gunia.

Nilimwamkia, akaitikia, akanibebea begi kwa nguvu ingawa nilimzuia. Sebuleni kulikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, vyote vimeoshwa na kuinamishwa juu ya kitambaa. Alikwenda kutafuta kikombe cha pili, akakawia, nikamsikia akifungua kabati moja baada ya jingine.

Tulizungumza juu ya mvua. Tulizungumza juu ya ukuta wa jirani ulioinama. Kisha nikashindwa.

"Baba, nilipotoka kwenye kundi sikuwa nimesoma."

"Dada yangu kaniambia."

"Nilikupigia. Hukupokea."

"Niliiona ikiita," alisema. "Niliishika hivi mkononi mpaka ikanyamaza. Niliogopa, mwanangu. Nimepima mashamba ya watu maisha yangu yote, nimesimama kati ya ndugu wameshika mapanga. Ile simu niliiogopa."

 Hitimisho langu la tarehe thelathini lilinirudia, lile la utulivu, na nikaona nilivyolijenga: sikumwona mtu, nikaona simu isiyopokewa, na nikaisoma kama Baba alivyousoma utokaji wangu. Tumefanana. Yumkini hilo ndilo tulilorithishana.

Kisha Baba akaitoa simu yake mfukoni. Akavaa miwani, akatafuta, akaivua miwani, akanipa simu.

"Kwa hiyo hukusoma."

"Sikusoma."

"Basi nisomee sasa. Kwa sauti."

Nikasoma. Wanangu na ndugu zangu. Nimefikiri kwa muda mrefu. Yeye aliketi wima, mikono magotini, kama anayesikiliza hukumu iliyoandikwa na mtu mwingine. Nilipofika "nianze na binti yangu mkubwa" niliyarudia maneno hayo, kisha nikamrudishia simu.

"Haya," akasema. "Nilikuuliza. Maoni yako?"

Utetezi wangu wote nilioufunga pamoja na nguo haukuwa na kazi pale. Hakuwa akiuliza kwa nini nilitoka.

"Siwezi kusema nimefurahi, Baba. Namwona Mama kila mahali humu. Lakini nimeona kikombe kimoja pale juu ya kitambaa, nacho sikitaki."

Alifikiri.

"Hayo ni mawili."

"Ndiyo."

"Nitayachukua yote mawili. Hata shamba lenye mgogoro hupimwa." Akainuka kwenda kuongeza maji ya chai, na akiwa mlangoni akasema bila kugeuka: "Lakini si mimi uliyemfungia mlango. Aliyefungiwa ana duka lake nyuma ya shule."

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda asubuhi, kukiwa na manyunyu. Duka ni chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani karibu na dirisha, sare za shule zikining'inia, kipande cha chaki sikioni kwa mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho yanayokupima mabega kabla ya kukutazama usoni.

"Wewe ndiye uliyetoka," alisema.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kushona au kusema?"

"Kusema."

"Basi sema nikiwa nakata. Nina sare za watu."

Nikamweleza. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mimi hiyo simu ya makundi sina," alisema nilipomaliza. "Niliambiwa tu. Nikajiuliza: ukiingia chumbani na mtu akatoka pale pale, utakaa?"

"Sikujua kwamba unaingia."

"Na ungejua?"

Mkasi ulisimama. Nilifahamu kwamba hapo ndipo safari yangu yote ilipokuwa ikielekea, na kwamba neno moja jepesi lingetosha kunirudisha nyumbani nikiwa msafi.

"Sijui, mama. Labda ningekaa. Labda ningetoka na kujidai sikusoma. Sijui kwa kweli."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza usoni.

"Ungesema ungekaa, ningekufukuza," alisema. "Wa kunitaka kwa mikono miwili siwatafuti, umri huo nimeupita. Natafuta wa kunijibu." Akaisukuma ncha ya kitambaa upande wangu. "Nishikie hapo. Vuta. Usivute kama unagombana nacho."

Nilimshikia mpaka akamaliza kukata mikono ya mashati. Hatukuzungumza tena isipokuwa juu ya kitambaa. Nilipoaga nikamwuliza nimwambie nini Baba.

"Usimwambie kitu. Kinywa ninacho."

Jumatatu, 21 Aprili

Kazini. Mvua imepungua. Simu bado inakaa ndani ya mtoto wa meza, lakini sasa Baba, Shangazi na mdogo wangu nimewawekea mlio, wengine wangoje. Shangazi ameniuliza kama anirudishe kundini. Nilimwuliza Baba, akasema: "Usirudi. Humo ulikuwa kidole. Nipigie."

Nampigia Jumapili. Dakika za mwanzo ni ngumu. Sote wawili tuna uzoefu mdogo. Jana tuliongea juu ya bawaba ya mlango kwa muda ambao bawaba haikustahili.

Bado naamini sikukosea kupunguza simu. Macho yangu yanapumzika, kazi yangu imenyooka, nimesoma vitabu. Nilikosea, nadhani, kuwaweka watu na mazoea katika kapu moja na kuwamwaga wote pamoja. Hata hilo silisemi kwa uhakika. Huenda watu walikuwa wamekwisha kugeuka mazoea zamani, kabla sijagusa kapu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempigia mdogo wangu. Hakupokea. Nimemwandikia. Amesoma.

Jumapili, 4 Mei

Nimempigia Baba. Kuhusu fundi hakuna habari. Sikumwuliza. Alikohoa sana. Alisema amekula.

Jumapili, 11 Mei

Baba alisema amekula, na nilipomwuliza nini, akasita.

Ijumaa, 16 Mei

Baba alinipigia mwenyewe, nikiwa na gundi mikononi. Niliifungua simu kwa kiwiko, msimamizi akitazama.

"Amekuja," alisema Baba.

"Nani?"

"Amekuja na sufuria. Kasema hakuja kwa ajili yangu, kaja kwa sababu suruali zangu zinamharibia jina mtaani." Akashusha sauti. "Jumamosi ya wiki ijayo, mwanangu. Watu wachache. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Msimamizi alinipa kitambaa nifute gundi kwenye simu, kisha, baada ya kufikiri, akanipa kingine nifute macho.

Jumamosi, 24 Mei

Wameoana. Tulikuwa watu wa kuenea sebule moja. Shangazi alilia kwa wote. Bibi harusi alikuwa amejishonea nguo yake na ya Baba, na suruali ya Baba ilikaa kiunoni bila mkanda. Mdogo wangu hakuja. Baba alitazama lango mara kadhaa na hakusema kitu, nami najua kwamba kutokuwepo kwake kuna jina langu ndani yake. Binamu mmoja alipiga picha ili azitume kundini. Nilisimama pembeni kidogo, sikujificha.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha. Tumezima feni, vitabu vimerudi kwenye rafu.

Saa yetu ya kawaida nimempigia Baba. Alipokea haraka, akiwa na furaha na akiwa na shughuli. Nilikuwa nimejiandalia ya kumwambia: kamusi kuukuu imekwisha, na mdogo wangu amenijibu hatimaye, neno moja tu, "Sawa," nami nimekuwa nikiligeuza neno hilo tangu juzi bila kulielewa. Nilikuwa sijafika nusu ya kamusi nilipomsikia yule mama nyuma yake, sauti ya mtu aliye jikoni mwake: "Mzee, kinapoa!"

"Naitwa," Baba alisema. Alilisema kwa aibu ya kijana. "Tuongee Jumapili, eeh, mwanangu?"

"Tuongee, Baba. Nenda ukale."

Miaka yote mimi ndiye ninayekata. Baba hushika simu mpaka aambiwe kwaheri mara mbili, na hata baada ya hapo husikika akipumua. Leo alikata yeye.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo na kulitazama, na safari hii sioni kitu kilichojificha nyuma yake. Nilifurahi, na chumba kikawa kikubwa. Friji iliguna. Jirani alikohoa, nikangoja acheke, hakucheka.

Niliiweka simu mezani, kioo kikiwa chini, kama nilivyojifunza msimu huu. Nikainuka nikaosha kikombe. Kisha nikarudi nikaigeuza kioo juu, asije mtu akapiga nisimwone.